Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kupeleleza uhalifu wa kompyuta

Wanangu mlio Kisumu, Kakamega na Nakuru,

Salamu nyingi. Kila nikikutana nanyi mnaniuliza programu ya upelelezi iliyo bora na cheti kitakachowafikisha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, upesi. Programu hujifunzwa kwa wiki chache, hazina siri. Lililo zito ni hili: mpelelezi asiyejua data inakaa wapi ndani ya mashine, na inapita wapi ikitoka, atamkamata asiyehusika.

Tafuteni kompyuta kuukuu ya mezani, ile ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa, muifungue. Kwenye ubao mkuu mtaona kibetri cha duara kilichoandikwa CR2032. Ni cha volti 3, na kinaendesha saa ya kompyuta hata ikiwa imechomolewa kwenye stima. Kikifa, saa inarudi nyuma miaka mingi. Sasa chukua ofisi ambayo kompyuta yake haina intaneti ya kuisahihisha: barua iliyochapwa juzi itaonyesha tarehe ya zamani, na wakili wa mshtakiwa atakushika hapo hapo kortini. Kwa hiyo, kabla ya kugusa lolote, soma saa ya mashine, soma saa ya simu yako, andika tofauti. Ni kazi ya dakika moja.

Halafu kuna RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Hii inashika kile mashine inachofanya sasa hivi: programu zilizo wazi, mawasiliano yanayoendelea mtandaoni, pengine hata ufunguo wa diski iliyofungwa kwa msimbo. Stima ikipotea, vyote vimekwenda. Na nyinyi mnazijua mvua zetu za alasiri, radi moja tu na mtaa mzima ni giza. Ukikuta kompyuta ya mezani inawaka, angalia kwanza kama iko kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia stima ikipotea, ndipo ufikirie mengine. Usikimbilie kuizima. Ila ukiona inafuta faili mbele ya macho yako, ng'oa waya wa stima. Hapo RAM uisamehe.

Diski pia hazifanani. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, faili iliyofutwa hubaki mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine. SSD, diski ya chipu isiyozunguka, inaweza kujisafisha yenyewe ikishapata umeme, hata kama umeweka kifaa cha kuzuia kuandika. Nakili mapema, ukokotoe alama ya SHA-256 ya nakala na ya asili, uone kama zinalingana; ni kama alama ya kidole ya data yote. Ni herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilika, alama yote inakuwa nyingine kabisa.

Kwenye mtandao ndiko naona vijana wengi wanapotea. Mtu anapata anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, anashangilia kama amepata mhalifu. Ingia saiba yoyote pale Kondele, utakuta kila kompyuta ina anwani yake, labda inaanza na 192.168. Anwani hizo zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na zinajirudia katika nyumba na ofisi dunia nzima. Zikifika kwenye ruta, kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na intaneti, zinabadilishwa, na huko nje kompyuta zote za saiba zinaonekana kwa anwani moja. Anwani ya MAC, namba ya kadi ya mtandao ya kifaa chenyewe, nayo haivuki ruta, na simu za siku hizi hujibunia nyingine.

Kampuni za simu zinafanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa: wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiwauliza nani alitumia anwani fulani Jumanne, umeuliza kuhusu umati. Unahitaji namba ya poti, ile inayotenganisha mawasiliano ya mteja mmoja na mwingine kwenye anwani hiyo, na saa kamili hadi sekunde. Na saa ya wapi? Seva nyingi za ng'ambo huandika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko mbele kwa saa 3. Rekodi ikisema 22:30 Jumatatu, kwetu ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne. Usipoliona hilo utamfuata mteja wa saa nne na nusu usiku, kijana aliyekuwa akijaza fomu zake za chuo, na umharibie jina.

Mwaka 1986 huko Marekani, Clifford Stoll wa maabara ya Lawrence Berkeley alianza kumsaka mdukuzi kutokana na pengo la senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Aliunganisha printa kwenye laini, akasoma kila kilichopita, na njia ikaishia Hannover, Ujerumani. Printa, jamani.

Mazoezi fanyeni kwa vifaa vyenu wenyewe. Kuingia Wi-Fi ya jirani bila idhini ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta, na hakuna atakayesikiliza kwamba ulikuwa unajifunza. Someni pia kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachodai cheti kwa rekodi za kielektroniki. Nakala safi isiyo na cheti hicho inaweza kukataliwa.

Wiki hii chukueni karatasi mchore mtandao wa nyumbani kwenu: ruta iko wapi, kifaa kipi kina anwani ipi, na saa ya kila kimoja imetangulia au imechelewa kwa sekunde ngapi. Nileteeni tuitazame.

Mzee wenu, fundi wa kompyuta,
Kisumu