Anayepanga kuona makasri ya Unguja asianzie Forodhani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na walimu wanaokusudia kuwapeleka watoto kuona makasri ya masultani wa Zanzibar.

Wengi wetu tukishuka kwenye boti hufuata ufuko moja kwa moja hadi Forodhani, hamu ikiwa ni Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Nami nilifanya hivyo nikiwa na wajukuu watatu, tukapokewa na uzio wa mabati. Mdogo wao alichungulia kwenye tundu la bati, kisha akaniuliza kama sultani amehama. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020 wakati mafundi wakiwa kazini, na wawili wakapoteza maisha, kwa hiyo uzio siulaumu. Ninayemlaumu ni aliyetupangia safari, ambaye alipokea fedha zetu za kuingia ndani huku akijua kwamba hakuingiliki.

Siku yetu iliokolewa na daladala ya Bububu. Tulishuka Maruhubi, kwenye kasri ambalo Barghash huyohuyo aliwajengea masuria wake na ambalo liliungua mwaka 1899; mbao ziliteketea, lakini nguzo nene za mawe bado zimesimama bila paa, na wajukuu walizihesabu hadi wakagombana. Mbele zaidi kuna Mtoni, kasri la Sultani Said, babake Barghash, alikozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844.

Ningepanga upya, ningeanzia Mtoni asubuhi, kwa baba, kabla jua halijawa kali, nikashuka Maruhubi kwa mwana, nikamalizia Forodhani alasiri. Pale, hata aliye nje ya uzio ana la kusimulia: awageuzie watoto nyuso baharini, zilikotia nanga manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, awaeleze jinsi mizinga ilivyobomoa kasri la Beit el-Hukm kwa muda usiozidi dakika 45, na jirani yake Beit el-Ajaib likabaki limesimama.

Kwa wahusika ninaomba jambo dogo tu: kibao pale bandarini, kwa Kiswahili, kinachoeleza kila asubuhi jumba lipi liko wazi na lipi limefungwa.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam