Barua ya shangazi kwa wanangu wa mbio za asubuhi: sio kila kiu ni ya mazoezi

Wanangu, hamjambo. Nyie mnaokimbia asubuhi, nyie wa baiskeli, wa jimu, wa mpira wa jioni, na hata yule anayekuja kutembea tu na sisi, nawaandikia wote kwa pamoja kuhusu dalili za kisukari maana nikianza kumwambia mmoja mmoja nitasahau mengine na wengine mtanikwepa.

Jumapili iliyopita mwenzenu mmoja alisimama pale tunaponyoosha viungo akasema amepungua kilo 7 ndani ya wiki 5 na wala hajabadilisha chakula, sa hivi anamaliza kama lita 6 za maji kwa siku, na nyote mkampigia makofi. Na mimi nilipiga, wanangu, mkono ulitangulia akili haijafika. Narudi nyumbani ndo miguu ikaniishia nguvu njiani, maana maneno yale yale niliyasema mimi nikiwa na miaka 43, nikapigiwa makofi yale yale, na wiki tatu baadae nilikua kitandani hospitali na dripu mbili sijui hata ni siku gani. Huyo mwenzenu nimeshaongea nae pembeni na ameshaenda kupima, kwa hiyo msianze kumtafuta ni nani. Ila nyie wengine mliobaki ndo mnanikosesha usingizi.

Wakati ule nilikua mzima kweli. Nakimbia siku nne kwa wiki, sivuti, sinywi pombe, sina kitambi, kwetu sijawahi kusikia mtu ana sukari. Ungeniambia kisukari ningekwambia hicho ni cha watu wanene na wazee. Na hapo ndo mtego ulipo, maana mtu wa mazoezi kila dalili inayokuja anayo sababu yake tayari mfukoni. Nina kiu? Nimekimbia sana. Nakojoa mara kwa mara? Si nakunywa maji mengi. Nimekonda? Ndo nilichokua nakitafuta. Nimechoka? Nilizidisha juzi. Misuli inakaza usiku? Chumvi zimepungua na jasho. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi wa mazoezi hata hatuyafichi, tunayapa jina lingine na kuyasifia.

Sasa hebu tukae hapa kwenye kiu na mkojo, maana ndo penyewe, na mimi laiti kuna mtu angenieleza hiki kitu kimoja nisingefika nilikofika. Ukitoka jasho jingi mwili unabana maji, kwa hiyo mkojo unakua mchache na rangi yake inakua nzito. Hiyo ndo kiu ya mazoezi, unakunywa, inakata, imeisha. Kiu ya sukari ni kinyume chake, una kiu koo limekauka kama umelamba majivu na wakati huo huo mkojo ni mwingi, mweupe kama maji, unakuamsha usiku mara tatu mara nne, na ukinywa kiu haikati. Kwa nini? Kwa sababu figo kwa kawaida zinairudisha sukari kwenye damu, haipotei, lakini ikifika karibu 10 kwa kipimo cha mmol/l (mashine zingine zinasoma mg/dl, hapo ni kama 180) zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo, na sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Kwa hiyo sio kwamba unakojoa sana kwa sababu unakunywa sana, ni kwamba unakunywa sana kwa sababu unakojoa sana. Mimi nililigeuza hilo kichwani miezi miwili mizima. Zamani huko India waganga walikua wanaangalia kama chungu na sisimizi wanafuata mkojo wa mgonjwa, maana una sukari kweli, sio hadithi.

Na mtu akiwa na hiyo kiu anaikata na nini? Juisi, soda, vile vinywaji vya wanamichezo. Mimi nilikua nabeba chupa mbili kila mbio. Yaani nilikua nauwekea moto kuni.

Kukonda nako msikushangilie haraka. Ukipungua kwa mpango, unajua umefanya nini na inakwenda pole pole. Lakini kilo zinashuka na unakula kama kawaida au zaidi ya kawaida, hapo mwili umekosa insulini ya kuingiza sukari kwenye seli, damu imejaa sukari na seli zina njaa, basi unaanza kula mafuta yake na nyama yake mwenyewe. Angalieni mapaja. Mimi suruali ya mbio ilianza kunipwaya mapajani kabla ya tumboni, na muda wangu wa kilomita 10 ambao nilikua naupunguza kila mwezi ukaanza kurudi nyuma, mazoezi yale yale, miguu mizito kama nimevaa buti zenye maji. Mtu anayekonda huku anazidi kua dhaifu, huyo hajafanikiwa kitu, aende akapime.

Alafu kuna zile dalili ambazo hakuna anayezihusisha na sukari kabisa. Macho, mimi niliamka naona ukungu nikaenda kununua miwani, na baada ya wiki kadhaa za kutibiwa sukari ikashuka macho yakarudi na ile miwani haikunifaa tena, maana lenzi ya jicho inabadilika umbo sukari ikiwa juu. Kwa hiyo ukiona ukungu wa ghafla pima sukari kwanza ndo uende kwenye miwani. Na hili nalisema wazi kwa kua mimi ni shangazi na kama sio mimi nani atawaambia: fangasi sehemu za siri zinazorudi kila ukitibu, wanawake na wanaume pia, wanaume ile ngozi ya mbele inakua nyekundu inawasha, sio lazima iwe uchafu wala umetoka nje ya ndoa, fangasi wanapenda sukari. Mimi nilitibu mara tatu kwa miezi miwili, dukani, kwa aibu, na hakuna aliyeniuliza swali lingine lolote. Na kuna malengelenge ya viatu yasiyopona wiki mbili, majipu, fizi zinazotoka damu, vidole vya miguu kufa ganzi mkasema ni kiatu kimebana. Ukiona shingoni kwa nyuma au kwapani ngozi imekua nyeusi na nene kama mahameli, usiisugue, hiyo mara nyingi ni insulini haifanyi kazi vizuri mwilini na inaweza kuonekana miaka kabla sukari haijapanda. Hasira za ghafla nazo, watoto wangu walikua wananikimbia.

Dalili moja moja kati ya hizi inaweza kua kitu kingine na hata mbili. Ila zikija kwa kundi ndani ya wiki chache usikae unazipangia sababu.

Ile wiki ya mwisho nilianza kichefuchefu na tumbo kuuma. Nikaenda sehemu nikaonwa haraka haraka, nikaambiwa ni uchovu na stresi, nikapewa vitamini, kidole hakikutobolewa. Simlaumu sana yule aliyeniona, nilivaa nguo za mazoezi nikamwambia mwenyewe kwamba nakimbia kilomita 30 kwa wiki, nilimuonyesha njia ya kukosea. Kesho yake nikajilazimisha kukimbia 8 ili nitoe ugonjwa kwa jasho, na hapo wanangu ndo nilijimaliza. Insulini ikiwa haipo mazoezi hayachomi sukari, ini linazidi kumwaga sukari kwenye damu na mafuta yanayovunjwa yanatoa ketoni, asidi inapanda kwenye damu. Nilianza kutapika, nikawa nahema kwa nguvu kama bado nakimbia na huku nimelala, mdomo ukawa na harufu kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au ile dawa ya kufutia rangi za kucha, na ninaongea maneno hayaeleweki. Mume wangu ndo alinibeba. Sukari ilisoma 31.

Kwa hiyo mtu mwenye kiu na mkojo mwingi akiongeza kutapika, tumbo, kuhema kwa kina, harufu hiyo au kuchanganyikiwa, ni siku hiyo hiyo hospitali, hata kama ni usiku, wala asilale aone kesho. Na wewe uliyempeleka sema neno sukari pale mlangoni, waambie wampime kidole na ketoni.

Nilipotoka sikuishia hapo. Kwa kua nilikua mtu mzima walisema ni kisukari aina ya 2, ile ambayo insulini ipo ila haifanyi kazi vizuri, wakanipa vidonge, navinywa bila kukosa, na chakula nimepunguza, na bado sukari inapanda na mwili unaisha. Miezi minne nalaumiwa kwamba sifuati masharti na nikaanza kuamini kweli kosa ni langu. Daktari mwingine ndo aliniangalia akasema mwili huu na vidonge hivi haviendani, akapeleka damu kupima zile kinga zinazoshambulia kongosho na kipimo cha C-peptide kuona kama bado natengeneza insulini. Ilikua aina ya 1. Ile tunayoambiwa ni ya watoto. Si ya watoto tu, inaanza umri wowote, na kwa watu wazima inaweza kuja taratibu ndo maana inachanganywa na ya pili. Hakuna nilichokula wala nilichokosa kufanya kilichoileta, ni kinga ya mwili imeshambulia seli zinazotengeneza insulini. Nilipoanza sindano za insulini nilirudi barabarani baada ya miezi mitatu, na nyie wenyewe mnaniona sa hivi nina 62.

Na msidhani aina ya 2 nayo inawaogopa kwa sababu ya tizi. Mazoezi yanapunguza uwezekano kweli na ndo maana nawaamsha saa kumi na moja, ila hayafuti damu ya ukoo, wala kama ulipata sukari ukiwa mjamzito, wala zile dawa za steroidi ukizitumia muda mrefu. Steve Redgrave wa Uingereza, mpiga makasia, alikua ameshachukua dhahabu nne za Olimpiki alipogundulika ana kisukari 1997, mtu ambaye mapafu yake na misuli yake hakuna kati yetu anayeisogelea. Gary Hall Jr. muogeleaji wa Marekani nae akagundulika aina ya 1 mwaka 1999 akiwa kwenye kiwango chake cha juu, akaambiwa mashindano basi tena. Wote wawili walipata dhahabu Sydney mwaka 2000, na Hall akarudia Athens 2004. Nawatajia hao ili yule anayeogopa kupima kwa kuhofia ataambiwa aache mbio ajue kwamba kinachokutoa barabarani ni kutokujua. Sindano ya insulini inaokoa watu tangu 1922, alianza kijana wa miaka 14 kule Toronto, Leonard Thompson, kabla ya hapo mtu wa aina ya 1 alikua anasubiri tu. Sisi hatusubiri.

Namba ziandikeni kwenye simu. Bila kula masaa 8 au zaidi, ikifika 7.0 mmol/l (126) ni kisukari, muda wowote hata umekula ikifika 11.1 (200) na dalili unazo ni kisukari. Kuna kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi 2 mpaka 3, asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, 5.7 mpaka 6.4 uko njiani na hapo ndo pa kugeukia. Kama huna dalili kipimo kimoja hakitoshi, kinarudiwa. Mwenye selimundu au upungufu wa damu aseme mapema maana hicho cha HbA1c kinaweza kumdanganya. Na ukiambiwa ni aina ya 2 na wewe ni mwembamba, unazidi kukonda na vidonge havisaidii, uliza kwa heshima kama unaweza kupimwa kinga na C-peptide. Kuuliza sio ubishi.

Jumamosi hii nakuja na mashine yangu na sindano mpya za kutobolea kidole za kutosha, kila mtu na yake na haitumiki mara mbili. Msile kabla ya kuja, maji matupu ruksa, na tutapima kwanza ndo tukimbie. Mashine yangu haitoi hukumu, ikisoma juu tunaenda maabara pamoja, nimeshamuomba mwanangu gari. Yule ambaye usiku wa leo ataamka kukojoa mara ya tatu akakumbuka barua hii, asisubiri Jumamosi, anipigie hata saa nane, simu nalala nayo karibu.

Shangazi yenu