Risala ya wanafunzi wa kilabu ya anga kwa Mgeni Rasmi, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Komanda na mzee wetu, Bwana Prefe, walimu, baba na mama wazazi, wanafunzi wenzetu: jambo yenu nyote.

Tunakushukuru kuitika mwito wetu. Siku ya mapumziko ya rubani si ya kuchezewa, na ingekuwa aibu kukukatiza usingizi ili uje kusikiliza risala kuhusu usingizi. Ndiyo maana mwalimu wetu aliuliza kwanza ratiba yako ikoje.

Kilabu yetu hukutana Jumamosi katika darasa la fizikia, umeme ukiwepo au usipokuwepo. Mwaka huu tulijifunza uchovu wa marubani. Mtaani, ndege ikianguka, watu husema chuma kilikuwa kizee. Hatuwalaumu: tangu mwaka 2006 mashirika ya nchi yetu yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya yale yasiyoruhusiwa kuruka kwao. Lakini chuma kizima nacho huendeshwa na mtu, na mtu hulala.

Wazee wengine walitushauri tuanze na ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, iliyoanguka usiku karibu na Ndola, Zambia ya leo, Septemba 1961, alipokuwa akija kuzungumza na Tshombe, kiongozi wa Katanga. Tumekataa kwa heshima. Chanzo cha ajali ile kinabishaniwa hadi leo.

Tuichukue ile ya Mangalore, India. Tarehe 22 Mei 2010, ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilitua asubuhi mapema, ikapitiliza njia na kutumbukia bondeni. Watu 158 walikufa, 8 wakapona. Kinasa sauti kilionyesha kwamba komanda, yaani rubani mkuu, alikuwa amelala zaidi ya saa moja na nusu ya safari. Hata kukoroma kwake kulisikika. Aliamka kabla ya kutua, lakini macho yalitangulia kuamka, akili ikabaki nyuma. Ndege ilikuja ikiwa juu mno. Rubani msaidizi akamwambia wapae tena wajaribu upya. Komanda akaendelea kushuka.

Mwili una saa yake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi hutaka kulala, hata kama mwenyewe amekunywa kahawa birika zima. Baba zetu waliofanya zamu za usiku mgodini hawahitaji kuelezwa. Juu ya hilo huongezeka muda ambao mtu amekuwa macho: mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 hutenda kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Rubani mwenye harufu ya pombe tungemshusha kwenye ngazi ya ndege. Aliyekesha tunampigia makofi akitua.

Tena uchovu hauanzii uwanjani. Januari 2024, nchini Indonesia, marubani wawili wa Batik Air walilala wote kwa pamoja dakika 28, wakiwa na abiria 153. Walifika salama, kwa neema. Rubani msaidizi alikuwa na mapasa wachanga nyumbani. Wazazi wa mapasa mliomo humu ndani mnajua maana yake. Na katika ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Marekani, Februari 2009, iliyoua watu 50, rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili awahi kazini. Wachunguzi walisema uchovu huenda uliwapunguzia marubani uwezo, ingawa hawakuweza kupima ni kwa kiasi gani. Baadaye Marekani ikaweka sheria, iliyoanza kutumika 2014, kwamba rubani apate angalau saa 10 za mapumziko kabla ya zamu.

Sisi tunaona kosa kubwa liko kwenye ratiba na kwenye woga. Kanuni za kimataifa zinaitaka kila nchi iweke kikomo cha saa za kazi, na hilo ni jema. Lakini kikomo hakimsaidii mtu anayeogopa kusema "leo siwezi" kwa sababu kesho yake hatapangiwa safari. Hapa kwetu, ambapo Kinshasa haifikiki kwa barabara ya maana, ndege moja ikiahirishwa uwanja mzima wa ndege wa Luano hulalamika, na sisi abiria ndio wa kwanza kupiga kelele.

Komanda, tuna maombi matatu. Utusaidie kupata ruhusa ya kutembelea mnara wa waongozaji ndege pale Luano, walau kundi dogo. Ukikutana na wakuu wa mashirika, uwafikishie ombi letu kwamba rubani anayesema amechoka asikatwe mshahara wala safari. La tatu, utujibu leo, mbele ya wazazi, swali la msichana wa mwaka wa tano anayetaka kuwa rubani: ukiwa msaidizi, na komanda wako mwenye umri wa baba yako anasinzia huku njia ya kutua inakaribia, unamwambia nini, na asiposikia unafanya nini?

Karibu uzungumze nasi.

Imesomwa na katibu wa kilabu, kwa niaba ya wanafunzi wote.