Mita 60 zinapimwa kutoka wapi?

Mhariri,

Sisi wa mwambao wa Kigoma tuna swali la kisheria ambalo bado sijaona likijibiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Naiunga mkono. Nimeona watu wakilima hadi ukingoni na udongo wote ukiishia majini, kwenye mazalia ya samaki.

Lakini ni mita 60 kutoka ufukwe upi? Ziwa Tanganyika halitulii. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga kule Kongo, na ulipofunguka miaka ya 1870 ziwa lilishuka mita kadhaa, likaiacha Ujiji nyuma. Miaka ya karibuni limepanda tena na kuingia majumbani. Marehemu baba alijenga mbali kabisa na maji. Leo mawimbi yanapiga ukuta wa jiko. Sheria aliivunja lini?

Hapo ndipo hofu ya kukosa fidia inapoanzia. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu, ila aliyefuatwa na ziwa anaogopa kuitwa mvamizi. Naomba Serikali isimike vigingi vya mpaka kwa kufuata usawa wa juu wa maji uliowahi kupimwa, na aliyejenga kihalali kabla ya vigingi hivyo alipwe akihamishwa.

Mkazi wa Ujiji,
Kigoma