Risala ya Wakulima na Wafugaji wa Kanisa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mavuno, Mutuini, Dagoretti

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi, Kasisi wetu, wazee wa kanisa, wazazi na majirani: Bwana Yesu asifiwe!

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kushukuru Mungu pamoja nasi. Wapo waliotushauri tukupokee ukumbini, penye viti vizuri na sakafu ya vigae. Tumeona heri tukulete hapa zizini, kwa kuwa ndipo siku zetu zinapoanzia na ndipo tulipojifunzia kuomba.

Sisi ni akina mama, wazee na vijana tunaolima na kufuga kwenye vishamba vilivyobaki katikati ya nyumba za kupangisha. Tuna ng'ombe wa maziwa, mbuzi wachache na kuku. Tunapanda sukuma wiki, managu na terere, mengine kwenye magunia kwa kuwa ardhi haitoshi. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, na tangu hapo kazi yetu inatambulika. Heshima ndiyo bado. Kijana akipanda matatu na buti zenye samadi, abiria humkwepa. Wapo wenzetu walioacha kuja ibada ya kwanza kwa sababu wanatoka kukama na wanaona haya kunuka zizi kanisani. Jambo hili linatuuma kuliko bei ya chakula cha ng'ombe, nayo tunaijua ilivyo.

Linatuuma kwa kuwa Luka ameandika kwamba Bwana alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe. Baba Askofu, itazame hii iliyo mbele yako. Ukingo wake umelainika kwa ndimi za ng'ombe, na ndani mna majani ya nepia ya jana yaliyoanza kuchacha. Anayeisafisha kila alfajiri hawezi kuupita mstari ule mbiombio. Mwaka 1223, huko Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi aliagiza hori yenye nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili waumini waone kwa macho yao Mwana wa Mungu alivyozaliwa katika uhitaji. Sisi hatuhitaji kuagiza. Vyote tunavyo.

Wakati wa masika, ng'ombe wa mama mmoja hapa alishikwa na uchungu usiku. Vijana walifika na tochi za simu. Ndama alitoka amelegea, hapumui. Mama yule alipiga magoti kwenye matope, akamtoa kamasi puani kwa vidole na kumsugua mbavu kwa gunia kavu, huku akiomba kwa sauti. Ndama akapiga chafya. Hakuna aliyekwenda kulala mpaka alipoinuka na kunyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, na hata hapo kijana mmoja, ambaye kanisani hatukuwa tukimwona, alituzuia mlangoni akasema tushukuru kwanza.

Lipo pia agizo la Walawi 19, kwamba mkulima asivune pembe za shamba lake, amwachie maskini na mgeni. Magunia hayana pembe. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba yaliyo karibu na lango ni ya jirani yeyote ambaye siku hiyo hana mboga ya jioni. Hatuweki mlinzi wala hatuulizi nani amechuma. Tunayamwagilia kama mengine, hata miezi ya kiangazi tunaponunua maji kwa mtungi, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sadaka yetu iliyo safi kuliko zote.

Baba Askofu, tuna maombi matatu. Nyuma ya ukumbi wa kanisa kuna uwanja uliojaa magugu. Tunaomba vijana waruhusiwe kuulima. Pili, tunaomba neno lako mimbarani, kwamba anayetoka kukama aje ibadani na buti zake, na asikalishwe nyuma. La tatu ni la sasa hivi: kabla hujaelekea mezani, liombee zizi hili, ndama huyu, na mama aliyekesha naye. Maji ya kunawa yako hapo langoni.

Ni sisi wanakikundi.
Risala imesomwa na Katibu.