Salamu za shukrani kutoka kwa wazazi, Uyole, Mbeya

Sisi wazazi, pamoja na bibi yake na dada zake, tunatoa shukrani za dhati kwa wote mliochangia safari ya kijana wetu ya uchunguzi na mazoezi ya kuongea Dar es Salaam. Tumerudi salama. Madaktari wamethibitisha kuwa ana usonji.

Kuwataja wote hatuwezi, ila wapo ambao tukiwanyamazia tutakuwa tumekosa adabu. Akina mama wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, mliokubali zamu zenu zisogezwe ili sisi tupate kwanza. Wauza viazi wa sokoni. Ndugu zetu wa Tukuyu, ndaga fijo. Mwalimu wa kitengo cha mahitaji maalumu, uliyekuwa wa kwanza kutuambia kuwa mtoto huyu si jeuri wala si kiziwi. Na ninyi vijana wa bodaboda wa njia panda, hatujui tuwalipe nini. Malori ya Zambia na Malawi yanapita pale usiku na mchana, na mwanetu anapenda magurudumu kuliko kitu chochote. Kila alipotuponyoka mlimrudisha nyumbani mmemshika mkono, bila kumpiga, bila kumzomea.

Wengi mmetuuliza atapona lini. Usonji si homa ya kutibiwa ikaisha. Ni namna ubongo wake unavyokua, naye ataishi hivyo. Si laana, hauambukizi, wala haukuletwa na chanjo. Mazoezi yanamsaidia kutuonyesha anachotaka badala ya kulia na kujigonga kichwa. Siku hizi akiwa na kiu anatuletea picha ya maji. Kwetu hilo ni kubwa mno.

Tunataka asome hapa hapa, na watoto wenu wanaomjua. Tunataka apate kazi. Waliomwona sokoni akipanga viazi, vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo, wanajua hatuoti ndoto. Rungwe na Njombe wapo wanaolipwa kwa kuchambua parachichi, naye anaweza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Akifikia umri wa kazi tutabisha hodi na sheria hiyo mkononi.

Kinachotunyima usingizi ni siku ambayo sisi hatutakuwepo. Atakula kwa nani? Nani atajua kwamba akiziba masikio ni kelele zimemzidi, wala hamdharau mtu? Tulipokuwa tukisoma daftari la michango, jina kwa jina, tuliona ni nyumba ngapi zitamfungulia mlango akiwa mtu mzima. Tulilia, wote wawili. Basi tunawaomba jambo moja: msichoke kumsalimia hata asipoitikia. Anasikia. Jioni huwa anayarudia majina yenu.

Fedha iliyobaki imelipia msaidizi wa darasani hadi mwisho wa muhula. Daftari la mapato na matumizi lipo kwa balozi wa nyumba kumi, na kila aliyechangia anakaribishwa kulikagua. Ibada ya shukrani ni Jumapili hii saa nne asubuhi kanisani kwetu, kisha chakula nyumbani. Njooni na watoto. Muziki utakuwa wa sauti ya chini, kwa ajili yake.