Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Anayeuguza Naye Apumzike

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, na shughuli nyingine zimo kwenye makabrasha mliyogawiwa. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotuelemea mwaka mzima: uchovu wa wanaouguza wazazi wenye ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia.

Utafiti uliofanyika hapa hapa Wilaya ya Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta watu 6 hivi katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa hawa duniani hubebwa na wanawake. Kwetu tunawajua: ni binti aliyerudi nyumbani, au mke wa kitindamimba aliyekabidhiwa kihamba, yaani shamba la ukoo, pamoja na mkwe.

Wakati wa masika nilimtembelea mwanachama mmoja. Baba yake huamka saa nane usiku kwenda kufungulia ng'ombe waliokwisha kuuzwa zamani. Dada huyu amefunga kengele ya mbuzi kwenye kitasa, mlango ukiguswa tu ashtuke. Halali, anasinzia. Kukikucha ana shuka za kufua, uji wa kumbembelezea mzee, na matusi kutoka kwa mtu aliyemlea kwa upole. Nilipomuuliza lini alikwenda kanisani mara ya mwisho, alilia kabla ya kujibu.

Ndiyo maana tulianzisha zamu: mwanachama mmoja akae na mgonjwa mchana mmoja, mwenzake aende sokoni, akapime presha, au alale tu. Pale zilipoendelea, zamu zimeokoa watu. Zimekufa katika vitongoji ambako akina baba hawakujitokeza, na hilo nawaambia wazi mliopo ukumbini: kumkalia mzee si kazi ya wanawake peke yao.

Maneno ya kurogwa nayo tuyaache. Mgonjwa akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, kuliko alivyozoeleka, apelekwe kupimwa. Huenda ni malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini, na hayo yanatibika.

Ombi langu la mwaka ujao linahusu Desemba. Watoto wote wanakuja kutoka Dar es Salaam, mbuzi anachinjwa, Januari wanaondoka na mzee anabaki na yule yule. Kamati inaomba kila familia ikae kikao kabla hawajatawanyika, waandike nani atatuma pesa ya pampasi na dawa kila mwezi, na nani atakuja kukaa wiki nzima, mwezi gani, ili anayeuguza atoke nyumbani. Wanaotuma pesa tunawashukuru na wasiache. Ila pesa ya simu haimwogeshi mzee.

Fomu ya makubaliano iko kwa katibu. Familia zilizokwisha kugawana majukumu, naomba zijiandikishe leo kabla ya chakula ziwaelekeze wengine.

Naomba kuwasilisha.